Re: vyeti na Wafilipi 3

Ndugu yangu, umeuliza kama Paulo kwenye Wafilipi 3 anatutaka tutupe vyeti vyetu vya shule. Hapana, usichome vyeti wala usishushe ile picha ya mahafali ukutani, Paulo hakumaanisha hivyo. Soma Wafilipi 3 kuanzia mstari wa 4, jamaa anashusha CV kabisa, katahiriwa siku ya nane, kabila la Benyamini, Farisayo, mwenye bidii kweli, halafu mstari wa 8 anasema anayahesabu yote kama mavi. Ndiyo, mavi, Biblia ya Union, ile tafsiri ya Kiswahili, imeandika hivyohivyo, ingawa wachungaji wengi wakifika hapo wanapunguza sauti 😅

Ila angalia, huyohuyo Paulo kwenye Matendo 22:25 alipokuwa karibu kuchapwa mijeledi anauliza fasta, mnaruhusiwa kumpiga Mrumi asiyehukumiwa? Na Korintho alishona mahema kama kawaida. Kwa hiyo uraia wake wa Kirumi na ufundi alivitumia, alichoacha ni kuvipeleka kwa Mungu kama vile anamdai.

Mimi iliniingia siku ya harambee kanisani, MC akanitaja jina tupu bila "Injinia". Nilikuwa na bahasha mkononi, wallahi nilirudisha noti mbili mfukoni palepale, mke wangu akaniona akanyamaza tu, tumefika nyumbani ndo ananiuliza, zile hela ulikuwa unamtolea Mungu au MC? Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nilizipeleka, ila kusema ukweli hadi leo nikisikia mtu anatambulishwa "Daktari fulani" masikio bado yanasimama.