Swali la lugha: Bomu hutoboa zege au hulipenya?

Msomaji wa Morogoro ametuletea sentensi aliyoisoma katika habari za vita: "Bomu lilipenya saruji ya handaki likalipuka ndani." Mwenzake anashikilia kwamba ilipaswa kuwa "lilitoboa". Anauliza nani yuko sahihi.

Kwanza tuiondoe hiyo saruji. Saruji ni ule unga wa kwenye mfuko. Ikishachanganywa na mchanga, kokoto na maji ikaganda, fundi yeyote ataiita zege, na ukiweka vyuma ndani, zege la nondo. Sijui kwa nini waandishi wa habari za vita wanaling'ang'ania kosa hili.

Kutoboa ni kufanya tundu. Kupenya ni kupita hadi ndani au upande wa pili, tundu uwe umelifanya mwenyewe au umelikuta. Mwizi aliyepitia dirisha lililoachwa wazi amepenya, hajatoboa kitu.

Vita vya Ghuba vina mfano mchungu. Tarehe 13 Februari 1991, ndege za Marekani zilipiga jengo la kujikinga na mabomu la Amiriyah, Baghdad, kwa mabomu mawili yaliyoongozwa kwa leza. La kwanza lilitoboa paa la zege. La pili likapenya katika tundu lilelile. Raia zaidi ya 400 waliuawa. Ukiandika kwamba yote mawili "yalitoboa", habari yenyewe imebadilika.

Kinyume chake kilitokea Farge, karibu na Bremen, Ujerumani, tarehe 27 Machi 1945. Waingereza walishambulia kiwanda cha nyambizi cha Valentin kwa Grand Slam, bomu la takriban tani 10 lililobuniwa na mhandisi Barnes Wallis. Mawili yalilipata paa penye unene wa mita 4.5, yakazama kama mita 2 na kulipuka humohumo ndani ya zege, vifusi vikaporomoka chini. Paa lilitoboka, naam, lakini hakuna bomu lililopenya.

Kwa hiyo katika sentensi yako, maadamu bomu lililipukia ndani, "lilipenya zege" ndiyo kauli barabara. "Lilitoboa" si kosa, ila linazungumzia paa zaidi kuliko safari ya bomu. Na "handaki" libaki iwapo mahali penyewe palichimbwa. Jengo lililosimama juu ya ardhi, hata kuta zake ziwe nene kiasi gani, si handaki.