Chomoa waya wa intaneti kwanza: kwa wanaoanza kazi ya TEHAMA Mtwara na Lindi

Wanaotoka chuoni wakisikia nchi ijitegemee kwenye kompyuta, mawazo yanakimbilia kiwanda cha chipu. Hilo liache kwanza. Mashine za EUV zinazochora chipu za kisasa kabisa zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, na China yenyewe, pamoja na fedha zake zote, haijaruhusiwa kuuziwa. Januari 2025 Marekani ilitoa kanuni ya kuziwekea nchi nyingi kikomo cha chipu za akili mnemba, kisha Mei mwaka huohuo ikaiondoa. Mivutano hiyo huiwezi ukiwa Masasi au Nachingwea. Unachokiweza ni ofisi yako isisimame siku huduma ya nje ikikatwa.

Na huwa inakatwa. Julai 2025 Microsoft iliisimamishia huduma Nayara Energy, kampuni ya mafuta ya India, baada ya Umoja wa Ulaya kuiwekea vikwazo kwa uhusiano wake na Urusi. Kampuni ilikwenda mahakamani ndipo huduma ikarudi. Huku kwetu wala siasa haihitajiki: mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na tarehe 12 mwezi huohuo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika. Vipuri havipiti, na mtandao nao unasuasua.

Kwa hiyo chagua Jumamosi isiyo na kazi, kabla msimu wa korosho haujaanza, uchomoe waya wa intaneti kwenye ruta. Acha swichi na seva ziendelee kuwaka. Sasa fungua mfumo wa ofisi, ule unaokaa kwenye seva ya chumba cha pili. Mara nyingi hautafunguka, na wageni kwenye kazi hii huanza kulaumu seva bure. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, kompyuta zote zimeelekezwa 8.8.8.8 (seva ya majina, yaani DNS, ya Google) kutafuta majina, kwa hiyo hata jina la seva iliyo hapo ndani halipatikani. Weka Unbound au dnsmasq, programu za kutafuta majina, kwenye seva, andika humo majina ya ndani, na DHCP, inayozipa kompyuta mipangilio ya mtandao, igawe anwani ya seva hiyo. Ya pili, kurasa za mfumo zinavuta fonti na maktaba za JavaScript kutoka seva za ng'ambo. Ukurasa unabaki mweupe, kiduara kinazunguka tu. Tafuta kila “https://” kwenye faili za kurasa, pakua hizo maktaba, ziweke kwenye seva, ubadilishe anwani. Ni kazi ya siku moja, mbili ikiwa aliyeandika mfumo alikuwa mvivu.

Kwa mifumo iliyo nje ya jengo, jina linaloishia na .tz si ushahidi kwamba seva iko nchini. Pima kwa ping, amri inayoonyesha muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde, na kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 6 hivi, ukiongeza kidogo za njiani. Ukiwa kwenye mkongo ukaona 150 au zaidi, ujue data za wakulima huenda zimekwenda Ulaya na kurudi. Mwulize mwenye mfumo kwa barua, si kwa simu.

Kwenye kompyuta za Debian au Ubuntu, funga apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala za vifurushi vinavyopakuliwa, kwenye seva (bandari 3142) na uzielekeze zote huko. Inahifadhi tu kile kilichowahi kuombwa, hivyo sakinisha kila kitu kwenye mashine moja mapema, pamoja na viendeshi vya printa. Hazina za vifurushi zenye anwani za https kwa kawaida haiziwekei akiba, basi tumia http; saini za vifurushi ndizo zinazokulinda. Intaneti ikikaa muda mrefu bila kurudi, apt inaweza kulalamika kwamba faili la Release, lile la kuthibitisha orodha za vifurushi, limepitwa na wakati. Tumia -o Acquire::Check-Valid-Until=false kwa amri hiyo moja. Ukiiandika moja kwa moja kwenye mipangilio, siku moja utalishwa vifurushi vya zamani vyenye matundu na hutajua.

Programu za Microsoft 365 zinataka kuhakiki leseni mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo utasoma tu bila kuhariri. Nyaraka muhimu zihifadhiwe pia kwa ODF, muundo wa faili ulio wazi, na LibreOffice iwemo kwenye kila mashine.

Kabatini ziwepo betri za CR2032, zile ndogo zinazotunza saa ya kompyuta. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vinakataliwa na fundi anahangaika na mtandao usio na kosa. Ongeza pawasaplai moja na SSD moja. Betri za UPS zisikae kwenye chumba cha joto. Kila nyuzi joto 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu.

Nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL itoe kwa pg_dump -Fc kila usiku, diski mbili zipokezane, moja ilale jengo jingine. Kila mwezi ijaribu kwa kuirejesha, kwa pg_restore, kwenye hifadhidata mpya, usiguse ile ya kazi, halafu linganisha idadi ya rekodi kwenye jedwali la mauzo. Hakikisha pg_restore si ya toleo la zamani kuliko pg_dump iliyotoa nakala, maana inaweza kukataa kulisoma faili.