Jibu: Kwa nini "Sanhedrini" ni neno la Kigiriki?

Ndugu, umeuliza iweje baraza kuu la Wayahudi liwe na jina la Kigiriki. Ni sinedrion, "kuketi pamoja", wakalitamka kwa ulimi wao. Baada ya Aleksanda Mkuu, mfalme wa Wagiriki, kuitwaa nchi yao mwaka 332 KK, maneno mengi ya utawala na soko yaliingia hivyo.

Mfano mtamu zaidi wa neno la Kigiriki ni prozbuli, hati ya kuzuia deni lisifutwe. Torati inafuta madeni kila mwaka wa 7, basi wenye fedha wakagoma kukopesha. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo za Wayahudi, inasema mwalimu wao Hillel ndiye aliyeweka hati hii: mdai anawatangazia mahakimu kwamba atadai deni lake wakati wowote, nao au mashahidi wanatia sahihi chini. Ila haiandikwi mdaiwa asipokuwa na ardhi. Mdaiwa asiyenacho hata kiwanja, mdai humkatia kipande kidogo cha kwake!