Look, see, watch: tofauti yake
Mdogo wangu, mwalimu alikata sentensi yako ya Kiingereza, "I am looking the boat", kwa sababu look hudai "at" kabla ya kitu. Basi. Sasa kaa pale ufukweni Bagamoyo: jahazi likikuingia machoni bila kulitafuta, hiyo ni see. Ukiligeuzia macho makusudi, look at. Ukilifuatilia tangu linapotweka tanga mpaka litokomee, watch. Halafu ghafla ukagundua tanga lina kiraka: notice, ambayo kwa kawaida haitaki -ing. Sema "I noticed a patch", si "I was noticing". Kukodoa macho ni stare at, na hata Waingereza huona ni utovu wa adabu. Ah, na televisheni ni watch; sinema ya ukumbini, hata see inafaa.