Bosi Akikupangia Mpaka Kisigino cha Kiatu

Wiki iliyopita binti mmoja wa Koboko, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliniandikia. Ameajiriwa kwenye duka la mtu binafsi mjini Arua, na meneja amemrudisha nyumbani kwa sababu ya rasta nyekundu. "Serikali imekataza," akaambiwa. Dada, ni kweli?

Mdogo wangu, waraka anaousema ni wa Wizara ya Utumishi wa Umma, wa mwaka 2017. Ni kweli ulikataza nywele za rangi kali, blauzi zisizo na mikono na sketi za juu ya goti. Wanaume nao wakaagizwa shati la mikono mirefu na tai. Lakini waliandikiwa watumishi wa serikali wasiovaa sare. Duka lenu halimo. Meneja ana kanuni zake? Sawa, aseme ni zake.

Haya nayajua kwa miguu yangu mwenyewe. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja huku huku West Nile. Asubuhi moja tukatangaziwa: wanawake wote viatu vyeusi vya kisigino kirefu. Wanaume? Kiatu chochote cheusi, mradi king'ae. Kiti mapokezi hakikuwepo, eti mgeni akikukuta umekaa ataona hoteli imelala. Ikifika saa nane mchana kisigino kimechubuka, soksi imegandana na damu, na wewe unatabasamu tu, "Karibuni sana." Mwenzangu mwenye mimba ya miezi saba naye alipandishwa juu ya visigino hivyo. Na pesa ya viatu ilikatwa kwenye mishahara yetu!

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Kanuni hii iko wapi kwenye mkataba wangu? Nani alikubali kukatwa? Kisigino kinamsaidia nini mgeni anayesubiri ufunguo wa chumba? Nakala nikampelekea afisa kazi wa wilaya. Meneja akaniita mbele ya watu: "Siku hizi umekuwa wakili?" Pesa zikarudishwa, wenzangu wakaruhusiwa viatu bapa. Mimi nikahamishiwa stoo. Na hao hao niliowatetea, wengine waliacha kunisalimia. Sijasahau.

Kwa hiyo, kwanza, omba maandishi. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Pili, omba maandishi tena, maana mara ya kwanza utapuuzwa. Usibishane kaunta mbele ya wateja. Utaitwa mkorofi, na rasta zitasahaulika.

Nchi hii imetupima sketi muda mrefu. Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Mwaka 2014, sheria dhidi ya ponografia ilipotiwa saini, wahuni wakajipa kazi ya kuwavua wanawake nguo barabarani. Mahakama ya Katiba ikaja kufuta vifungu vyake vikuu 2021. Na shule nyingi bado zinawanyoa wasichana, wazazi tukinunua wembe bila kuuliza neno. Binti aliyezoeshwa hivyo, akifika kazini atauliza vipi? Wazazi, ulizeni kwenye mikutano ya shule. Kina dada, ulizeni. Kunyamaza si heshima!

Nawe binti wa Koboko, meneja akikuandikia kwamba dukani kwake nyekundu hairuhusiwi, basi suka nyeusi, na barua uitunze. Ila siku aliyokurudisha nyumbani ulikuwa umefika kazini kwa wakati. Mdai alipe.