Altezza RS200 kama gari la kwanza: kabla ya kuongeza chochote, ondoa alichoongeza mwenzako

Mkuu, nimelisoma swali lako. Umenunua Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono hapa hapa Mwanza, ni gari lako la kwanza, linachemsha likipanda kilima, fundi amekushauri ung'oe themostati, na wewe mwenyewe unafikiria kulishusha kidogo na kulifungia ekzosi kubwa. Ninalo gari la aina hiyo hiyo, ambalo lilikuwa limepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kunifikia. Nitakujibu kwa yale niliyoyakuta ndani yake, na nitarefusha kidogo kwa sababu ushauri uliopewa una madhara.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo utakayokutana nayo haikutoka kiwandani. Imetokana na waliolimiliki gari kabla yako na mafundi wao: mmoja alikata springi, mwingine akang'oa boksi la filta ya hewa akaweka ile ya koni, wa tatu akaunganisha waya wa taa kwa gundi ya karatasi. Altezza ilitoka Japani mwaka 1998 na ikapewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani kwa msimu wa 1998–1999. Injini yake ya 3S-GE ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, mgandamizo wa 11.5 kwa 1, na hutoa nguvu za farasi 210 ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, tena bila turbo. Injini iliyobanwa kiasi hicho haina nafasi kubwa ya kuvumilia ubunifu wa mtaani, kwa hiyo fedha zako za mwanzo zote zinatakiwa kulirudisha gari lilivyokuwa lilipotoka kiwandani.

Sasa tuje kwenye kuchemsha. Maneno ya "bosi, hiki kidude hakina kazi huku kwetu, ni cha nchi za baridi" utayasikia kuanzia Igogo mpaka Nyakato, na kwa injini yako si ya kweli. Themostati ya Toyota ya aina hii ina kazi mbili. Maji yakiwa ya baridi huyazuia yasiende kwenye rejeta, na yakishapata joto hufungua njia ya rejeta na wakati huo huo kuiziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi wakati wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuonana na rejeta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza waziwazi kuiondoa hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Ukiendesha taratibu kwenye tambarare hutaona tofauti, pengine utaona mshale umeshuka ukafurahi, lakini ukipanda Bugando na abiria wanne huku kiyoyozi kinafanya kazi, mambo yanageuka. Isitoshe, kwenye safari nyepesi injini isiyofikia joto lake huendelea kudhani imewashwa sasa hivi, hivyo kompyuta inazidisha petroli, na lawama zinaishia kwa plagi.

Kwenye gari langu themostati haikuwemo, na maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa kama chai ya rangi. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu lilikuwa likijazwa maji ya bomba matupu, na kutu ilikuwa imeshaanza kukaa kwenye vinjia vya rejeta. Kumbuka pia tulipo: uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto karibu 96 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko wa rejeta, pamoja na kulanti (kimiminika cha kupozea injini). Mfuniko wenye mpira uliokauka ni kitu cha bei ndogo ambacho watu hukiruka, halafu wanabadilisha pampu ya maji. Weka themostati mpya, mfuniko mpya na kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Kagua mapezi ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi pia, kwa sababu gari linalopita jioni kando ya ziwa hukusanya wadudu wadogo wa ziwani mpaka hewa inakosa pa kupita. Vioshe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari hukunja mapezi, usiitumie.

Kabla ya kununua hivyo vyote, hakikisha kwanza gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) ni nzima. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa, uangalie. Mapovu machache ya hewa iliyonaswa ni ya kawaida, lakini yakiendelea kuja bila kukoma na yakawa na harufu ya moshi wa ekzosi, basi gesi ya silinda inavuja kwenye maji na themostati mpya haitakusaidia. Mfuniko usiuguse injini ikiwa ya moto.

Kuhusu kulishusha, naomba ulipandishe kwanza kwenye jeki na stendi zake, ulale chini uangalie sampo ya oili (bakuli la chini ya injini linalohifadhi oili). Jiji letu limekaa juu ya mawe, na gari la chini linalopita kwenye vichochoro vya Mabatini au Bugarika lazima ligonge. Sampo ikibonyea, sakafu yake husogea karibu na mdomo wa chujio linalofyonza oili, na kwenye mizunguko mikubwa pampu hukosa oili ya kutosha wakati kijiti cha kupimia bado kinaonyesha imejaa. Yangu ilikuwa imebonyea, na ilikuwa imeshafunguliwa na mtu akairudishia kwa silikoni nyingi mno. Tulipoishusha tulikuta nyuzi za silikoni za kijivu zimejisokota kwenye wavu wa chujio, zimeziba karibu robo yake, moja ndefu kama kidole ikiwa inaning'inia. Silikoni inayofaa ni ile ya kuhimili oili, inapakwa uzi mwembamba kwenye ukingo uliosafishwa ukawa mkavu, basi. Inayotokeza nje unaiona na kuifuta, ila kiasi kile kile kinatokeza ndani, na hicho hakuna anayekiona.

Oili yenyewe iwe ya sintetiki, 5W-30 au 5W-40, na mimi huibadilisha kila kilomita 5,000 kwa sababu mfumo wa VVT-i (unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye kamu zote mbili unasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo. Ikichafuka, vali ndogo zinazoiongoza huganda. Ukisikia mlio wa kugongagonga kama wa dizeli kwa sekunde chache baada ya kuwasha asubuhi, elekeza macho kwenye puli za VVT-i kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua injini.

Springi zilizokatwa ni habari nyingine. Gari likishushwa kwa grainda, shokapu hufanya kazi ikiwa imekaribia mwisho wake, bushi za amu zinajikunja kwa pembe isiyo yao, na mzigo unahamia kwenye boljointi (viungo vinavyoshika gurudumu) za chini za mbele, ambazo kwa Altezza ni ugonjwa unaojulikana. Boljointi hiyo ikichomoka, gurudumu linalala na bawa la mbele linakaa barabarani. Usisubiri mlio. Pandisha gari kwa jeki, tia mtaimbo chini ya tairi, uinue na kushusha huku mwenzako ameweka kidole kwenye kiungo, na mchezo wowote anaousikia ni sababu ya kubadilisha zote mbili, kulia na kushoto. Kwenye kifaa hiki mimi sinunui cha mtumba. Baada ya hapo rudisha springi za kimo cha kiwandani, kisha ndipo ulipeleke kwenye alaimenti, maana alaimenti ya gari lenye bushi zilizokufa ni fedha ya bure. Kimo hicho cha kiwandani kwa barabara zetu tayari ni cha chini vya kutosha. Wakati wa kivuko cha Kigongo–Busisi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, magari yaliyoshushwa yalikuwa yakikwaruza bampa kwenye mlango wa kivuko mbele ya watu wote.

Mkanda wa taiming badilisha sasa, pamoja na tenshena, pampu ya maji na sili za mbele. Muda wake ni kilomita 100,000, lakini kilomita zinazoonyeshwa na dashibodi ya gari la miaka hiyo si ushahidi wa kutosha, na kwenye 3S-GE mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu. Hapo sina la kujadili.

Breki zinahitaji usafi zaidi ya fedha. Pini ambazo kalipa za mbele hutelezea juu yake huganda kwa vumbi na grisi iliyokauka, pedi moja inaisha huku ya pili ikiwa nene, na gari linavuta upande mmoja ukiteremka Bugando. Zitoe, zisafishe, zipake grisi ya silikoni ya breki, zirudi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, yabadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Tairi za rimu za kiwandani ni 215/45R17, na ukishawishika na za mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2219 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, Nm 103. Bomba la kuongezea urefu wa spana liache kwa wenye malori.

Suala la spea ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na hapa nitasema wazi kwamba angekuja mtu ambaye bado hajanunua ningemwelekeza AS200, Altezza ya aina nyingine, kwa sababu injini yake ya 1G-FE ndiyo iliyofungwa kwenye Mark II GX110, na vifaa vyake unavipata Mwanza bila kusafiri. Za 3S-GE ya kwako mara nyingi zitatoka Dar es Salaam na kuja kwa basi. Usiagize kwa maneno ya "naomba ya Altezza". Chukua namba ya chasisi inayoanza na SXE10, itumie kutafuta namba kamili ya kifaa, umtumie muuzaji namba hiyo, na umwombe picha ya kifaa chenyewe kabla hajakipeleka stendi. Giaboksi yako ya gia sita imetengenezwa na Aisin, na ya jamii hiyo ilifungwa pia kwenye Nissan Silvia S15 na Mazda MX-5, kwa hiyo ukikwama kwa vifaa vya ndani usitafute Toyota peke yake. Iwekee oili ya gia ya 75W-90. Ukikuta fundi ameimiminia oili ya haidroliki ili "gia ziwe laini", imwage.

Nimebakiza ekzosi. Kwa kimo chetu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikilinganishwa na pwani. Unachohisi kuwa ni uzito wa gari kwa kiasi fulani ni kimo hicho, na bomba kubwa haliwezi kukirudisha. Litakachoongeza kwa uhakika ni kelele na mazungumzo na askari wa barabarani. Filta ya koni nayo itoe, urudishe boksi la asili la filta, kwani koni ikiwa wazi inavuta hewa ya moto kutoka juu ya injini na vumbi la Buhongwa kwa pamoja. Unafuu mmoja tulionao ni kwamba hewa nyepesi hupunguza kidogo tabia ya injini kugonga kwa petroli ya oktani ndogo, jambo lenye maana kwa gari lililoandaliwa kwa petroli ya premium ya Japani. Hata hivyo, ukisikia mlio wa kokoto ukiwa umekanyaga kwenye mlima, punguza mguu na ushushe gia.

Kabla hujanunua chochote, mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Namba zikikaribiana, endelea na mpangilio niliokupa. Moja ikiachana sana na wenzake, simamisha manunuzi. Weka hapa namba hizo nne, picha ya sampo kutoka chini, na rangi ya maji yaliyomo kwenye rejeta, tuanzie hapo.