Taa ya sensa inawaka bila mtu? Fundi anajibu

Fundi, shikamoo. Nimefunga taa ya sensa getini. Usiku inawaka na kuzima yenyewe, hakuna mtu. Mama mkwe kashaanza kusema mambo mengine. (Tanga)

Marahaba. Mganga mwacheni kwanza. Sensa nyingi za nje hazimwoni mtu, zinahisi joto linalosogea. Paka akikatiza ukutani, inawaka. Gari likipita na injini ya moto, inawaka. Buibui akitanda utando mbele ya kile kibakuli cheupe cha sensa, basi ni tafrani usiku kucha. Panda ngazi, futa utando, kisha angalia kibakuli kinatazama wapi. Kama ni barabarani, kigeuzie ndani; upande usioutaka uzibe kwa kipande cha tepu nyeusi ya umeme. Chini kwa kawaida utakuta vitufe vya kuzungusha kwa bisibisi ndogo: SENS (wepesi wa kuhisi), TIME (muda wa kuwaka) na LUX (giza linaloiruhusu kuwaka). Punguza SENS. LUX ipeleke kwenye alama ya mwezi, isije ikawaka mchana.

Yangu haiwaki mpaka mgeni afike mlangoni kabisa. Mbovu? (Mombasa)

Si mbovu. Sensa ya joto humnasa upesi anayekatiza mbele yake, huchelewa kwa anayeijia moja kwa moja. Ihamishie ukuta wa pembeni, mita 2 hadi 2.5 kutoka chini. Pia joto la pwani linaipunguzia nguvu: hewa na kuta zikikaribia joto la mwili, mtu haonekani vizuri.

Nina balbu za kuwasha kwa simu na sensa yake. Watoto wakizima swichi ya ukutani, simu inasema balbu haipo. (Dodoma)

Itakuwepo vipi na umeme umekatwa? Ama swichi ibaki imewashwa siku zote, ama ubadilishe swichi yenyewe iwe ya Wi-Fi. Kabla hujanunua, mwite fundi azime meni swichi na kufungua boksi la ukutani. Nyumba nyingi pale kuna laivu tu (waya unaoleta umeme), nyutro (waya wa kuurudisha) imeishia darini, na swichi nyingi za Wi-Fi zinataka nyutro. Rauta nayo iwe inatoa Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz. Kwa maoni yangu, korido haihitaji simu wala intaneti. Sensa ya kawaida ya darini inatosha, na bando likiisha bado inawaka.

Inaokoa LUKU kweli? (Mbagala)

Inategemea unawasha nini. Taa kubwa ya wati 50 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi. Ukiifungia sensa, ikawaka jumla ya saa moja kwa usiku, ni uniti 1.5, ukiongeza na kidogo inachokula sensa yenyewe. Hapo pesa unaiona. Lakini balbu ya LED ya wati 9 inakula uniti 3 na kitu tu kwa mwezi hata ikikesha. Hiyo usiifungie sensa kwa kutafuta akiba.

Chooni inanizimia nikiwa nimekaa! (Arusha)

Pole. Ukitulia, sensa inajua umeondoka. Ongeza TIME ifike dakika kumi, au tafuta sensa ya rada, inayonasa hata kujitikisa kidogo. Ila rada hupenya mlango wa plaiwudi, kwa hiyo kila anayepita koridoni atakuwashia taa ya choo. Punguza SENS yake siku hiyohiyo unayoifunga.